Mtani Aliyefundishwa Adabu

Wajukuu zangu wa Mwenge wanapenda niwasimulie utoto wangu wa kijijini. Wanautaka ule wa mbalamwezi, hadithi za sungura na maziwa ya moto. Nawaambia mie sikukulia kwenye maziwa, nimekulia kwenye vumbi la chokaa, na kama kuna sungura aliyepita Boko enzi zile basi alirushwa na baruti pamoja na mawe. Hapo wanacheka kidogo, halafu wanarudi kwenye simu zao. Kwa hiyo haya nayaandika wayasome nikishakufa, maana maiti hakatizwi maneno.

Mwaka 1951 Boko ilikuwa nyumba za makuti, mikorosho, barabara ya Bagamoyo na shimo. Shimo lilikuwa la Kampuni. Kampuni ilikuja kutoka mjini kutuletea maendeleo, na maendeleo yenyewe yalikuwa hivi: wanaume wanatoboa mwamba kwa patasi na nyundo, wanatia baruti, filimbi inalia, watu wanakimbia, mwamba unapasuka, mawe yanachomwa tanuruni mpaka yawe chokaa, na chokaa inakwenda mjini kupaka nyumba za watu wasafi. Sie tukabakiwa na vumbi. Lilikuwa kwenye ugali, kwenye kope, kwenye mtungi wa maji. Kuku wetu wote walikuwa weupe, hata wale weusi.

Baba yangu, Kondo, alikuwa mtoboaji. Aliyemshikia patasi alikuwa Mihambo, Mnyamwezi aliyekuja pwani kutoka Tabora kabla sijazaliwa. Kushikiana patasi si mchezo. Mmoja anapiga nyundo kwa nguvu zake zote, mwenziwe ameishika patasi kwa mikono miwili, na nyundo ikikosea inaondoka na vidole. Miaka minane baba alipiga, na Mihambo alikuwa na vidole vyake vyote kumi. Lakini ungewasikia wakiongea ungesema wanatafutana roho.

Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Asili yake kila mzee ana yake, na zote zinaishia kwa Mzaramo kuwa mwerevu, isipokuwa zikisimuliwa na Mnyamwezi. Sheria zake ndizo zisizobishaniwa. Mtani akikutukana, hukasiriki, unamrudishia. Ukinyamaza umemwambia kwamba umekasirika kweli, na hapo undugu umekufa. Na msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye msiba wake. Atamsema maiti ovyo, atavaa nguo zake, atauzuia mlango hadi apewe jogoo. Yote hayo ili waliofiwa wacheke, maana mtu aliyecheka anaweza kulia, na aliyelia anaweza kulala. Mwishowe, yeye ndiye anayekunja jamvi la msiba. Jamvi lisipokunjwa na mtani, kwetu msiba haujaondoka, hata Mwalimu wa chuo asome hitima hadi sauti imkauke.

Mihambo alimwita mama yangu, Mwamvita, mke wangu. Akija nyumbani alianzia uani kwa sauti kubwa, kwamba amekuja kumchukua mkewe na anashangaa kumkuta anaishi na mvivu. Mama alimjibu kwamba baba yake Mihambo alibeba mzigo kutoka Tabora hadi hapa, akasahau alichobeba, akarudi kuuliza. Kisha walikula pamoja. Huo ndio ulikuwa upole wa nyumbani kwetu, nami nikiwa na miaka tisa sikujua mwingine.

Msimamizi wa machimbo alikuwa Mzungu mwembamba tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu ya saa yake ya mfukoni. Aliitazama watu wakija kazini, wakinywa maji, hata wakienda chooni, na filimbi ya baruti ililia kwa amri yake. Dakika moja haikumpotea maishani mwake, isipokuwa mara moja. Siku moja asubuhi baruti ikalipuka kwanza, filimbi ikalia baadaye. Kati ya mlio huu na ule baba yangu alikuwa ameinama akiokota nyundo. Kampuni ilifanya uchunguzi wa kina uliochukua muda wa kunywa chai, ikaandika kwamba Kondo amekufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kutosikia filimbi. Kweli, hakuisikia.

Walimleta nyumbani kwenye machela. Mama hakulia. Alikaa ukutani akatazama miguu yake, wanawake wakamzunguka wakimwomba alie, naye akawatazama kana kwamba wanazungumza Kihindi. Baba mdogo, Salumu, alihangaika na sanda na kaburi. Mie nilikaa karibu na mama, nami machozi hayakutoka.

Alasiri maiti ilipokuwa tayari kutolewa, Mihambo alikuwa amelala chali kwenye kizingiti. Alikuwa amevaa koti la kaki la baba na kofia yake. Akasema hakuna kutoka. Akasema huyu Kondo anamjua, maisha yake yote alikuwa anatafuta kazi ya kulala, na leo kaipata, anakwenda kuianza bila hata kumuaga aliyemshikia patasi. Akainuka akatembea kama baba, goti moja likiwa nje kidogo, akajikuna kidevu kama baba, akasema kwa sauti ya baba ileile, "Mwamvita, hiyo chumvi uliitia au uliionyesha tu?"

Mama alicheka. Sauti ilimtoka ghafla, akaziba mdomo, akacheka tena, halafu kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, na kilio hicho kikatushika sote. Nililia kwa raha, nikamwona Mihambo naye kofia ya baba imemfunika macho, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na bado anadai jogoo.

Hapo ndipo Bwana Saa alipowasili na shada la maua.

Lazima tumtendee haki. Alikuja kwa moyo mwema. Mtu aliyemwua baba kwa dakika moja alimletea maua kwa nusu saa nzima, na alivaa tai. Akakuta kibarua wake amevaa nguo za marehemu, ameziba njia ya jeneza, anamtukana maiti na kudai kuku, huku mjane na mtoto wakibubujikwa machozi. Uso ukamwiva. Akasema, "Huyu mtu hapana heshima," akaita askari wa Kampuni wawili waliokuwa nyuma ya lori lake. Mihambo alidhani nao wamekuja kutania. Aliwaambia wasubiri zamu yao. Walimkamata akiwa bado na koti la baba, wakamburuta mbele ya jeneza, na Bwana Saa akavua kofia kuonyesha kwamba sasa mazishi yanaweza kuendelea kwa adabu.

Yakaendelea kwa adabu. Hakuna aliyefungua mdomo hadi makaburini.

Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya kaniki, haonekani na wanaume wa nje. Jamvi likabaki limetandikwa sebuleni. Wanyamwezi wengine walikuwepo machimboni, wapatao ishirini, na Salumu akawaendea mmoja mmoja kuwaomba waje walikunje. Maajabu, wote walikuwa wamegeuka watu wa heshima. Walimpa pole kwa mikono miwili, wakasema wana kazi. Mama alipoambiwa hakushangaa. Alisema hata wangekuja asingewakubalia, aliyeshika patasi ya mumewe ni mmoja.

Kesi ilisikilizwa baada ya siku kumi, Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyehukumu kesi za wilaya, alipokuja na meza yake ya kukunja na mkalimani. Walikaa kwenye stoo ya Kampuni, katikati ya masepetu. Shitaka lilikuwa kuvuruga mazishi na kumdhalilisha maiti. Mlalamikaji alikuwa Bwana Saa, kwa niaba yetu. Hatukumtuma, lakini watu wema hawasubiri kutumwa.

Aliyeweza kumwokoa Mihambo kwa maneno mawili alikuwa mama, na mama alikuwa kwenye eda. Kwa hiyo aliyatuma maneno hayo. Usiku wa kuamkia kesi alikuwa amemweka Salumu upande wa pili wa pazia akamkaririsha kama mtoto wa chuo: sema huyu ni mtani wetu, alifanya kazi yetu, hatuna dai naye. Basi, usiongeze neno. Nami akanikaririsha hayohayo, ili Salumu akisahau niwepo.

Salumu alikwenda amevaa koti la kuazima, mikono imepita vidole. Akasimama mbele ya meza, akakohoa, akafungua mdomo. Wakati huohuo Mihambo akaingizwa amefungwa mikono. Siku kumi alikuwa hajaona uso wa mtu anayempenda. Akamtazama Salumu juu hadi chini.

"Koti hilo umeliiba wapi, mtumwa wangu?" akamuuliza. "Mwenyewe yupo uchi nje?"

Sasa nyie mnaosoma mtasema Salumu angenyamaza. Mngenyamaza nyie. Mbele ya kadamnasi, kaka yake ana siku kumi kaburini, mtani wake kafungwa kamba na bado anamtania: anyamaze? Kunyamaza kungemwambia Mihambo kwamba kweli tumekasirika, kwamba kweli alitudhalilisha, kwamba tumemtupa. Salumu alimpenda sana kumfanyia hivyo. Kwa hiyo akajibu.

"Mwizi ni wewe, toka tumboni mwa mama yako," akasema. "Mtu anayemvua maiti koti anamuuliza nani habari za wizi?"

Stoo nzima ikacheka. Mihambo akacheka hadi mabega yakatikisika, nikaona amepumua. Mkalimani akatafsiri. Alikuwa kijana wa misheni kutoka bara, alijua utani ni nini kama ninavyoujua mie, lakini alikuwa ameapishwa kutafsiri maneno, na maneno akayatafsiri, yote, bila kuacha hata moja. Bwana Shauri akaandika kwamba ndugu wa marehemu anathibitisha wizi, akamwambia Salumu inatosha, akae.

Halafu akauliza kama yupo shahidi mwingine. Nikasukumwa mbele. Bwana Shauri alikuwa na watoto kwao, ilionekana, kwa sababu alilainisha uso akanipa peremende na kusema mtoto hasemi uongo. Akaniuliza huyu mtu alisema nini juu ya baba yangu. Nikamweleza yote kwa ufasaha, kazi ya kulala, chumvi ya kuonyeshwa, goti la nje, kwa kuwa nilidhani akiyasikia naye atacheka. Nilikuwa napanga kumalizia na maneno ya mama. Nilikuwa nayo hapa, ulimini.

Mihambo akaniwahi. Alikuwa ananitazama kwa fahari, kama mtu anayemwona mwanawe anapanda mnazi.

"Na wewe kijukuu cha mnazi," akasema, "unasimulia tu kama redio? Huna lako la kuniambia?"

Hakuwahi kunitania mie. Utani wa kweli ni wa wakubwa, watoto tuliusikiliza tu. Nilihisi nimekuwa mtu mzima mbele ya umati, nikasahau meza, nikasahau mama, nikasahau kilichotuleta.

"Wewe hata jela watakukataa," nikasema, "utawanukia wezi wenzio."

Watu walipiga makofi. Mihambo akafunga macho kwa furaha, akasema sasa Kondo anaweza kupumzika, ameacha mtu. Mkalimani akatafsiri kwamba mtoto anaomba mshitakiwa apelekwe jela.

Nilipoiona kalamu ikikimbia ndipo nikayakumbuka maneno ya mama. Nikayasema. Nikayasema kwa haraka, yote, ni mtani wetu, alifanya kazi yetu, hatuna dai naye. Hapo mkalimani alijitahidi kidogo, lazima niseme, alitoka kwenye kiapo chake akaeleza kwamba ndiyo desturi ya makabila haya mawili. Bwana Shauri akaweka kalamu chini. Akasema serikali inaheshimu desturi zote za wenyeji, ila zile isizoweza kuziamini. Kama huu ni mzaha, akauliza, mbona wafiwa wawili mmoja baada ya mwingine wamemwita mwizi na kumtakia jela? Jibu lilikuwa kwamba tulimpenda, na hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Miezi sita na kazi ngumu. Kazi ngumu yenyewe ilikuwa kuvunja mawe. Mtu aliyevunja mawe Boko miaka minane akahukumiwa kuvunja mawe, na kwa kuwa Kampuni ilikuwa na upungufu wa watu, serikali ikawaleta wafungwa kwa lori kila asubuhi, kuvunja mawe Boko. Mihambo akarudi kwenye shimo lilelile, mwamba uleule, akiwa na kaptula ya jela. Tofauti ilikuwa mshahara, na kwamba patasi sasa alimshikia mtu asiyemjua.

Nilipomweleza mama hukumu, hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Aliniuliza tu kama Mihambo alicheka nilipomtukana. Nikasema alicheka. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani.

Nikaamua kutengeneza nilichoharibu. Kila asubuhi lori la wafungwa lilipopunguza mwendo kwenye kona ya machimbo nilikuwa nasimama kando, na kila asubuhi nilikuwa na tusi jipya. Nililala nikilitunga. Nilitaka ajue kwamba nyumbani kwetu hajakasirikiwa, kwamba jamvi bado lipo linamsubiri. Siku ya kwanza nikamwambia kaptula imempendeza, ndiyo nguo ya kwanza maishani mwake isiyo ya kuiba. Akajibu papo hapo kwamba ataniletea moja nimpelekee Salumu. Askari akampiga rungu la bega, kwa sababu mfungwa haruhusiwi kusema.

Nikadhani ni bahati mbaya. Siku ya pili nikarudi, akajibu, akapigwa. Siku ya tatu akajibu kwa kufanya uso tu, akapigwa la mgongo. Hakuwa mtu wa kuacha tusi la mtani lianguke chini. Karibu wiki mbili nilikwenda kumfariji, na kila nilipomfariji alipigwa, nami niliona kwa macho yangu na bado nikaenda, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Siku ya kumi na tatu hakujibu. Aliangalia sakafu ya lori. Nilirudi nyumbani nikamwambia Salumu, naye akaniuliza kwa upole sana, jambo lililonitisha, kama mie ni mtoto au ni rungu la pili la askari. Sikwenda tena.

Eda ya mama ikaisha. Mwalimu akaja akamwambia yuko huru, anaweza kutoka, anaweza kuchana nywele, hata kuolewa akitaka. Mama akamshukuru, akaendelea kulala chini pembeni ya jamvi na kaniki yake. Kaka zake wa Kunduchi wakaja kumchukua, akakataa. Watu wakasema Mwamvita amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa na chochote, alikuwa anamsubiri mtu amwondolee msiba, na mtu huyo alikuwa mita mia tano kutoka mlangoni, anapasua mawe chini ya ulinzi.

Siku alipoachiwa tulijua tangu alfajiri. Mama alifagia uwanja mara mbili. Akamfunga jogoo mguuni, mkubwa, ili Mihambo adai na apewe. Akapika wali. Nilimsikia jikoni akijaribu matusi kwa sauti ya chini, akiyapanga, akiyabadilisha, miezi sita alikuwa hajatania mtu. Nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeliweka tangu ile siku ya kumi na tatu.

Alikuja saa nne. Alikuwa amekonda, na kwenye mkono wa kushoto vidole viwili havikuwepo. Chini ya kwapa alikuwa na koti la kaki la baba, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Hakuanzia uani kwa kelele. Alifika hadi kizingitini, akasimama nje yake, akapiga hodi.

Mama akatoka mbio karibu ajikwae. "Umerudi, mtumwa mkubwa," akasema, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Kumbe hata jela wamekuchoka. Mume gani anamwacha mkewe miezi sita, na anarudi mikono mitupu?"

Mihambo akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema. "Poleni sana na msiba. Mungu amlaze marehemu mahali pema."

Mama akasubiri tusi lifuate. Nikaona lazima nisaidie, nikalitoa langu, kwamba jela imemkata vidole kwa kuwa ilichoka kumfundisha kuhesabu. Lilikuwa baya, na lilikuwa la kweli mno, lakini nikiwa na miaka kumi ningejuaje? Mihambo hakunitazama. Aligeuka akaitazama barabara nyuma yake, upande wa kulia, upande wa kushoto. Kisha akaniambia, "Ahsante, mwanangu."

Akaomba ruhusa ya kuingia. Akaomba ruhusa ya kulikunja jamvi. Akalikunja polepole, pembe kwa pembe, kama mali ya serikali, akalisimamisha ukutani na koti la baba juu yake. Jogoo hakumdai. Wali alisema ameshashiba. Bwana Saa alikuwa anapita na lori wakati huo, akasimamisha kuona kibarua wake wa zamani anavyoaga, kofia mkononi, kichwa chini, kwaherini mama, kwaheri mtoto. Alisikika akimwambia dereva kwamba hakuna aliyeamini, lakini huyu jela imemfaa. Akatazama saa akaondoka.

Mama alikaa sakafuni pale palipokuwa na jamvi. Halafu akapiga ukunga. Siku baba alipoletwa hakulia hivyo, wala siku aliyocheka. Majirani wakaacha moto jikoni wakaja mbio, khanga zimefungwa ovyo, wanauliza nani, nani tena amekufa.

Mama akawaonyesha kwa kidole. Mihambo alikuwa bado anaonekana, amebeba kifurushi chake, anatembea pembeni kabisa mwa barabara kuelekea mjini.